Maharage bila kukaa jikoni: vitu vya nyumbani vilivyonipunguzia kazi na namna ya kuvitumia

Mi nakaa Gongo la Mboto na kazi yangu iko Kariakoo, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi ni saa mbili usiku, foleni ikigoma saa tatu. Kupika kwenyewe sikuwahi kukuona kazi, kazi ilikuwa kusubiri. Unawasha mkaa unapepea, unabandika maharage, unakaa hapo hapo maana ukienda kuoga maji yanakauka, watoto wanalala na njaa wakati sufuria bado inatokota. Kwahiyo sasa hivi nikitaka kununua kitu cha nyumbani najiuliza swali moja tu, je hiki kitaniruhusu niondoke nikafanye kingine? Kama bado nitasimama pembeni yake nakiangalia basi sinunui hata kiwe kizuri vipi.

Naanza na presha kuka ya umeme maana ndiyo imebadilisha nyumba yangu kuliko kitu chochote, na watu wengi wanayo ila iko juu ya kabati kwenye boksi kwa sababu wanaiogopa au walijaribu mara moja maharage yakatoka magumu. Chukua ya lita 6, inatosha familia ya watu watano mpaka saba. Inavyofanya kazi ni hivi, maji kwenye sufuria ya kawaida huku Dar yanachemka kwenye digrii 100 na hayapandi zaidi hata uongeze moto kiasi gani, unamaliza tu mkaa. Ukifunga mvuke ndani joto linapanda mpaka kama digrii 115 hivi, na hizo digrii chache za juu ndizo zinazolainisha maharage kwa dakika badala ya masaa.

Sasa fanya hivi. Usiku kabla ya kulala chambua nusu kilo ya maharage, osha, loweka kwenye maji mengi. Usiyaache zaidi ya masaa kumi, kumi na mbili mwisho, kwa joto la hapa Dar yanaanza kutoa povu na kuchacha. Asubuhi mwaga yale maji, weka maharage kwenye sufuria ya ndani, mimina maji masafi yapite juu ya maharage kama upana wa vidole viwili, weka kitunguu kizima na kijiko cha mafuta. Mafuta msiyaruke jamani, yanapunguza lile povu linaloziba tundu la mvuke. Na hakikisha kila kitu humo ndani, maharage na maji, hakijapita nusu ya sufuria. Kwa nyama unaweza kwenda mpaka theluthi mbili ila maharage, choroko na dengu zinavimba na kutoa povu, nusu tu.

Nyanya na ndimu weka baadaye, hapa ndipo wengi wanapokosea. Uchachu unafanya ganda la haragwe ligome kulainika, kwahiyo ukiweka nyanya mwanzoni utapika mara mbili alafu utailaumu presha. Magadi kidogo inalainisha haraka kweli ila inabadili ladha na mi siipendi kwenye maharage, makande sawa.

Funga mfuniko, geuza kile kipumulio cha mvuke kikae upande wa kufunga, weka dakika 25 kwa yaliyolowekwa. Hizo dakika zinaanza kuhesabiwa presha ikishajaa, kwahiyo ongeza kama robo saa ya mwanzo ya kupanda. Yasiyolowekwa weka 45 mpaka 50. Makande ya mahindi ya kukoboa na maharage yaliyolala kwenye maji mi naweka 45, nyama ya ng'ombe ya kawaida 30, kuku wa kienyeji aliyekomaa 35 na akiwa jogoo mzee 40, ndizi dakika 8 tu zaidi ya hapo zinakuwa uji. Hizi ni za presha yangu, yako inaweza kutofautiana kidogo, andika kwenye karatasi ubandike ukutani kila unapopika mpaka uijue.

Ikishalia usifungue. Iache dakika 15 ishuke yenyewe mpaka kale kapini kadogo ka juu ya mfuniko kadondoke chini. Ukifungulia mvuke wa maharage kwa haraka povu linaruka mpaka dari, na mvuke ule unaunguza vibaya sana, watoto wasikae karibu. Mfuniko ukigoma kufunguka maana yake presha bado ipo ndani, usilazimishe hata siku moja. Kapini kakishashuka fungua, unga kwa nyanya yako na karoti, na kama ni maharage ya nazi tui liingie sasa mfuniko ukiwa wazi, koroga taratibu mpaka liive. Tui ukilifungia ndani na presha linakatika na lile zito linashika chini linaungua.

Umeme je? Watu wananiuliza hili kila siku. Presha yangu ni wati 1000 lakini haili wati 1000 muda wote, ikishajaa inazima na kuwaka yenyewe kidogo kidogo. Nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika maharage nikakuta imekula kama yuniti 0.4. Kwa sisi wa matumizi ya kawaida yuniti inakuja kama shilingi 356 na makato yake, kwahiyo sufuria nzima ya maharage ya siku mbili ni kama shilingi 140. Mkaa wa kupikia maharage hayo hayo hapa mtaani kwetu huupati kwa hela hiyo. Ila kama wewe uko kwenye lile kundi la matumizi madogo, wanaolipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato, angalia usivuke yuniti 75 kwa mwezi maana za juu ya hapo zinakuja kwa 350. Soma mita kila jumapili ujue uko wapi.

Kuhusu waya naomba mnisikilize vizuri. Presha ichomeke kwenye soketi ya ukutani yenyewe peke yake. Presha wati 1000 na birika la umeme la wati 2200 kwenye ekstensheni moja ni wati 3200, na soketi ya ampia 13 mwisho wake ni kama 3000. Zile ekstensheni za waya mwembamba za barabarani zinazidiwa hata kabla ya hapo. Ukishika plagi ukaikuta ya moto sana au unasikia harufu ya plastiki, zima, badilisha hiyo soketi. Jirani yangu aliungua pazia na nusu ya kochi kwa ajili ya ekstensheni, tulizima kwa mchanga usiku wa manane, sitaki mtu mwingine apitie ile hofu.

Alafu ule mpira wa mfuniko. Utoe kila baada ya kupika, osha, anika kivulini, na ukinunua presha nunua na mpira wa akiba siku hiyo hiyo maana baadaye utazunguka maduka kumi kutafuta saizi yake. Kipumulio kichokonoe na pini, ganda moja la haragwe linatosha kuziba.

Umeme ukikatika katikati usipanike. Mara ya kwanza kunitokea presha ilikuwa na dakika kumi tangu ijae, nikataka kufungua nihamishie kwenye mkaa. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Lushoto siku hizo, akaniambia, "Mwanangu, acha, joto limo humo ndani, litafanya kazi yake." Tukaacha. Baada ya nusu saa kapini kameshuka tukafungua, maharage yamebakiza kidogo sana, tukamalizia juu ya jiko la gesi dakika chache. Na mama hakuwa anabahatisha, yeye kwao walikuwa wanapika hivyo tangu zamani kwa kapu.

Kapu la joto nadhani ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye hii makala na hakitumii umeme. Chukua tenga au kapu kubwa, hata ndoo pana, tandika ndani blanketi kuukuu au vipande vya godoro, chini na pembeni unene wa kiganja kilichosimama, alafu shona mto wa kufunika juu. Sufuria yako iwe na mfuniko unaobana na iwe imejaa karibu yote, chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa haraka. Maharage yaliyolowekwa chemsha kwanza jikoni kwa moto mkali nusu saa. Hapo usifupishe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa joto dogo, lazima yachemke kweli kweli angalau dakika kumi ndipo uyafunge. Toa, ingiza kwenye kapu fasta kabla hayajapoa, funika, nenda zako. Masaa matatu manne yameiva. Wali chemsha dakika tano, kapu dakika 45, unatoka umechambuka na hakuna ukoko. Ila usiache chakula humo kutwa nzima, kikishakuwa vuguvugu bakteria wanazaliana, kitoe ukipashe mpaka kichemke ndipo mle.

Chupa ya chai kila mtu anayo ila wengi wanalalamika haishiki joto na mara nyingi chupa ni nzima kabisa. Mimina maji ya moto ndani, acha dakika tano, mwaga, ndipo uweke chai. Usipofanya hivyo chai yako inaanza kwa kupasha kile kioo. Jaza mpaka karibu na shingo, hewa ikibaki nyingi inapoza. Maziwa usiyalaze humo, weka chai ya rangi au maji ya moto matupu na maziwa yakae pembeni. Mi nachemsha lita moja na nusu mara moja alfajiri, ni kama yuniti 0.15, shilingi hamsini na kitu, na mtu anakunywa chai mpaka saa kumi jioni bila kugusa jiko. Ikianza kunuka weka mchele kiganja kimoja na maji ya uvuguvugu, tikisa, mwaga, inang'aa.

Nazi ntaongea kifupi. Kama ni moja au mbili mbuzi bado inafaa, ila kuanzia tatu tumia brenda: vunja, bandua, katakata vipande vidogo, maji ya uvuguvugu (ya moto sana yanaua brenda na yanaharibu tui), saga dakika moja, ipumzishe, saga tena, chuja kwa chujio au kitambaa safi. Mama anasema tui la mbuzi ni tamu zaidi na mi nakubaliana naye, kwenye sikukuu tunakuna.

Feni sasa. Feni ya kawaida ni kama wati 55, usiku mzima masaa nane ni kama yuniti 0.44, haifiki shilingi 160, kwahiyo usiteseke na joto ukidhani unaokoa hela. Nyumba zetu za tofali na bati zinameza joto mchana zinalitapika usiku, na feni ikiwa katikati ya chumba inazungusha hilo hilo joto. Jioni nje kukishapoa iweke dirishani ikiwa imeangalia nje, fungua na dirisha la upande mwingine, iache nusu saa itoe hewa ya moto ndipo uigeuze ikupulizie. Lile wazo la kuning'iniza kitambaa kibichi mbele ya feni linafaa Dodoma kwenye ukavu, huku pwani hewa ina unyevu wa kutosha utaongeza jasho tu. Ndivyo ilivyo pia kwa vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati vya kuhifadhia nyanya na karoti, Dodoma na Singida ni friji kabisa, Dar na Tanga havikusaidii sana.

Friji kama unayo weka kile kifaa cha kuilinda na umeme unaporudi kwa nguvu, kinaichelewesha dakika chache kabla ya kuwaka. Mi yangu ya kwanza ilikufa compresa kwa kukosa kitu hicho kidogo, na fundi alinitajia bei ya compresa nikanyamaza.

Mama alikaa na sisi miezi miwili. Wiki ya kwanza presha ikianza kulia mvuke alikuwa anatoka nje kabisa, anasimama mlangoni, "Hiki kitu hakitatuua?" Nikamwonyesha kapini, nikamwonyesha kipumulio, nikamwachia aweke dakika mwenyewe. Mgongo wake hautaki tena kuinama kwenye mafiga. Wakati anaondoka nilimnunulia ya kwake, nikamwandikia karatasi ya dakika kwa herufi kubwa.

Siku tatu baadaye akapiga simu. "Mwanangu, haya maharage ya huku mbona bado yana ugumu kidogo?" Nikakumbuka Lushoto ni kama mita 1400 juu, maji kule yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na presha nayo inaanzia chini zaidi. Nikamwambia, mama, kila ulichoandikiwa ongeza kidogo, 25 weka 29, makande 45 weka 51. Jioni akapiga tena. Alikuwa barazani anasuka ukili, makande yako ndani yanaiva yenyewe.