Antigone jukwaani: namna ya kuitazama na kutoka na funzo

Soma kisa kizima kabla ya kwenda ukumbini. Dakika 10 zinatosha. Watu wa Athens walioitazama tamthilia hii ya Sophocles, yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, waliijua tangu zamani familia ya Oedipus, aliyekuwa mfalme wa mji wa Thebes, na laana yake. Wanawe wawili wameuana wakigombea ufalme huo. Creon, mjomba wao, anashika utawala na kupiga mbiu kwamba Polynices, mmoja wa ndugu hao, asizikwe. Dada yao Antigone anamzika, na Creon anaamuru afungiwe pangoni akiwa hai. Mtazamaji asiyejua haya hubaki akiuliza nani ni nani, na huku hoja nzito zinampita.

Beba karatasi yenye safu tatu: nani anaonya, anasema nini, anajibiwaje. Andika maneno yenyewe. Maadili yatakuja baadaye. Safu hizo zitajazwa zaidi na Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone. Anaanza kwa adabu ya mwana mbele ya baba, anamweleza kwamba mjini watu wanamlilia binti kwa minong'ono, na mwishowe anamwambia kuwa mji wa mtu mmoja si mji. Weka alama pale adabu inapokatika. Mwigizaji akiingia anafoka, kule kupanda hatua kwa hatua kumepotea, na itabidi ukutafute kwenye maandishi.

Nyimbo za korasi zisiwe mapumziko yako. Hawa ni wazee wa mji, 15 kwa desturi ya Sophocles, na mwanzoni wanamwinamia mfalme. Angalia wanapoanza kumpa ushauri.

Hapo ndipo penye funzo kubwa, na ndipo wengi wanapokuwa wamechoka. Mtabiri Tiresias akishamwonya na kuondoka, Creon analegea. Wazee wanamwambia akamtoe binti pangoni, na maiti amjengee kaburi. Sasa sikiliza taarifa ya mjumbe kwa makini: Creon alianza na maiti. Waliosha mabaki, wakayachoma, wakainua tuta la udongo, ndipo wakaenda pangoni. Antigone alikuwa amekwisha kujinyonga kwa shela yake. Haemon akajiua kwa upanga, kisha na mama yake Eurydice akajiua. Hayo hayaonyeshwi jukwaani, yanasimuliwa tu, kwa hiyo ukisinzia kidogo umekosa ule mpangilio.

Ndiyo maana "kiburi ni kibaya" ni funzo pungufu. Creon alikwisha kukiacha kiburi na kukubali kosa. Alichokosea ni kumtanguliza maiti mbele ya aliye hai.

Baada ya onyesho, kaeni wawiliwawili. Aliyekuwa upande wa Antigone amtetee Creon kwa dakika 5, akitumia hotuba yake ya kwanza: mji umetoka vitani jana, na Polynices aliuvamia na jeshi la Argos. Kisha mbadilishane. Zoezi hili ni gumu na msiliruke. Wafungwa wa Robben Island walipoiigiza Antigone, Nelson Mandela alicheza nafasi ya Creon.