Jinsi ya kujibu maoni ya wagonjwa kwenye kliniki ya afya ya akili

Wiki iliyopita nilikuwa namwelekeza muuguzi mpya namna tunavyojibu karatasi za sanduku la maoni, nikaona niyaandike kabisa nisirudie kila mara. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye hospitali ya serikali hapa Dar es Salaam. Wenzangu wa kliniki ya presha au kisukari mnaweza kufuata karibu yote. Ila hatua ya 3 ni yetu sisi hasa.

Hatua ya 1: Fungua sanduku

Kila siku ya kliniki, wagonjwa wakishaondoka. Wafungue watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Kila karatasi iingie kwenye kaunta buku na ipewe namba. Ukipenda kompyuta, sawa. Nisichokubali ni kupiga picha karatasi na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Mwandiko ni sura ya mtu, na kwenye kundi la watu 40 hakosekani anayemfahamu.

Hatua ya 2: Chunguza kwanza

Mzee mmoja aliandika: "Dawa zangu mmezibadilisha, mnanipa nyingine." Tuliokuwepo tukaangaliana. Shaka hiyo, tukasema, ugonjwa umerudi. Kabla faili halijafika kwa daktari nikapita dirisha la dawa. Kumbe kweli! Dawa ni ileile, lakini shehena mpya ilitoka kiwanda kingine na kidonge kilikuwa na rangi nyingine. Hakuna aliyemwambia mzee wa watu.

Karatasi ikisema shingo inakakamaa, miguu haitulii au mtu analala kutwa nzima, usikae kutunga jibu. Hayo yanaweza kuwa madhara ya dawa, haloperidoli kwa mfano, kwa hiyo mpelekee daktari siku hiyohiyo. Anayelalamika leo, kesho anaacha dawa kimyakimya. Na aliyeandika kwamba amechoka kuishi asisubiri hatua yoyote ya hapa chini: mwite daktari, mtafuteni sasa hivi.

Hatua ya 3: Mpate mwenye karatasi bila kumwanika

Hii ndiyo iliyonila siku tatu.

Dada mmoja aliandika kwamba mhudumu alimwita "chizi" mbele ya foleni. Lalamiko zito, nikataka kulijibu haraka. Nikachukua namba kwenye kadi yake, nikapiga. Ikapokewa na mwanamume. Nikasema, "Habari, napiga kutoka kliniki ya afya ya akili, naomba kuongea na fulani." Kimya. Kisha: "Kliniki ya nini?"

Alikuwa mwenye nyumba wake. Dada alipoteza simu, akaandikisha namba ya baba mwenye nyumba, na pale nyumbani alishawaambia anatibiwa presha. Siku tatu zilizofuata nilikuwa namtafuta dada mwenyewe, namwomba radhi, nakaa naye tupange atasema nini akirudi. Kwenda kumweleza mwenye nyumba nisingeweza, ningeongeza chumvi kwenye kidonda. Tulikuwa tumemwita chizi mara moja kwenye foleni, na mara ya pili nilimwita mimi kwa simu.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Kwenye fomu ya maoni niliongeza mistari mitatu: Tukutafute? Simu ni ya nani? Tukipiga tujitambulishe vipi? Asipojaza, sipigi. Nasubiri tarehe yake ya kliniki na kuongea naye chumbani, peke yake kwanza, ndugu aliyemsindikiza akae nje kidogo. Mama mzazi atanuna, mwamkie vizuri, mweleze ni dakika tano tu.

Ukipiga, taja jina lako, taja jina lake, basi. Ukiulizwa unatoka wapi, sema una ujumbe wake binafsi na utapiga tena. Usidanganye kwamba unatoka kanisani au benki, uongo huo utamrudia yeye. Ujumbe mfupi nauogopa kuliko simu, kwa sababu unajitokeza kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa, na watoto wa nyumba nzima wanausoma. Ukilazimika, andika "Naomba unipigie ukipata nafasi" na jina lako. Neno kliniki lisiwemo. Kumbuka pia laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, kwa hiyo namba ya miaka miwili iliyopita ihesabu kuwa ya mgeni.

Usilione hili kama adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Hatua ya 4: Jibu

Sema ulichokikuta, kilichobadilika, na kilicho nje ya uwezo wako. "Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza" ifute, haijawahi kumtibu mtu. Dawa ikiwa imekwisha, itaje dawa yenyewe na siku ilipoagizwa, lakini usiahidi tarehe kwa niaba ya Bohari ya Dawa. Mtu aliyetoka Mbagala alfajiri akarudi mikono mitupu kwa ahadi yako hatakuamini tena.

Karatasi isiyo na jina jibu kwa mdomo asubuhi, wakati wa elimu ya afya pale kwenye mabenchi. Ongea juu ya jambo, usiongee juu ya aliyeandika: "Kuanzia leo tunaita kwa namba ya kadi." Usianze na "kuna mama aliandika", watu watageuza shingo kumtafuta.

Hatua ya 5: Funga kwenye kaunta buku

Tarehe, aliyejibu, kilichobadilika. Safu hiyo ya mwisho ikibaki tupu, karatasi haijafungwa, nenda nayo kwa mganga mfawidhi. Ya yule dada ilibaki tupu wiki mbili, hadi mhudumu alipokubali kukaa naye na kumwomba radhi uso kwa uso.