Jinsi ya kuchangia programu huria ukiwa umeajiriwa

Kabla hujatuma hata mstari mmoja wa msimbo, toa mkataba wako wa ajira utafute kifungu cha hakimiliki. Changu kilidai chochote nitakachobuni "wakati wowote, kwa kifaa chochote". Yaani hata kiraka (rekebisho dogo la msimbo) cha Jumapili usiku, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mwajiri angeweza kukidai. Na huwezi kukitolea leseni kitu kisicho chako, iwe MIT au GPL, leseni mbili maarufu za programu huria.

Usiombe ruhusa ya jumla, wanasheria huiogopa. Mimi niliandika barua pepe fupi: jina la mradi, leseni yake, ninachorekebisha, na sentensi moja kwamba hakigusi bidhaa za kampuni. Leseni itaje waziwazi. Leseni ya Apache 2.0 ina kifungu cha hataza (haki ya kisheria juu ya uvumbuzi), na hapo ndipo maswali huanzia. Ruhusa ya mdomo usiitegemee (mabosi huhama), ipate kwa maandishi.

Kisha angalia mradi wenyewe unataka nini. Linux inatosheka na mstari wa Signed-off-by, ambao amri `git commit -s` ya Git, programu ya kuhifadhi mabadiliko ya msimbo, hukuwekea. Lakini kwa mstari huo unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo. GNU Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa mchango unaozidi takriban mistari 15, huhitaji uhamishie hakimiliki shirika la Free Software Foundation, na mara nyingi mwajiri naye asaini kuachia madai yake. Hiyo ianze mapema, maana saini ya mwajiri ndiyo hukawia.

Ukipata kazi mpya, ambatisha kwenye mkataba orodha ya miradi yako ya zamani kabla ya kusaini, mwajiri asije akaidai.