Kabla hujanunua seramu mpya, geuza chupa

Nina miaka 14 saluni, nasuka nywele na kuhudumia ngozi, na siku hizi kitu ninachokabidhiwa zaidi si kitana bali ni simu. "Dada, hebu ona hii, wanasema inaotesha nywele." Ilianza na maji ya mchele, ikaja rozimari, sasa ni peptaidi (vipande vidogo vya protini) na DNA ya samaki aina ya samoni. Mimi vipya navipenda, droo yangu ni shahidi. Ila sinunui kitu kabla sijageuza chupa.

Mbele ya chupa ni matangazo; habari yenyewe iko nyuma, kwa maandishi yanayotaka miwani. Viambato hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Lakini vikishafika chini ya asilimia 1, mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Sasa utajuaje mpaka huo uko wapi? Tafuta fenoksietanoli, kihifadhi kinachozuia ukungu na bakteria (kwenye lebo usitafute herufi F, huanza na P na h). Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, na watengenezaji wengi hufuata kiwango hicho. Kwa hiyo chochote kilichotajwa baada yake, hesabu kuwa ni tone ndani ya chupa. Kuna peptaidi zinazofanya kazi kwa kiasi kidogo sana, hizo usizihukumu kwa kukaa mkiani. Niasinamaidi je? Hiyo ni vitamini B3, na majaribio mengi yaliyoonyesha inapunguza madoa yalitumia asilimia 2 hadi 5. Ukiikuta nyuma ya fenoksietanoli, imewekwa ili jina lake lichapwe kwenye boksi.

Ukimaliza hapo, uliza kilijaribiwa kwa nani na kwa kiasi gani. Bakuchioli, inayotokana na mbegu za mmea wa babchi, inauzwa kama ndugu mpole wa retinoli, ile vitamini A ya kupaka. Kuna utafiti wa mwaka 2019: watu 44, wiki 12, wote asilimia 0.5, bakuchioli mara mbili kwa siku na retinoli mara moja. Makunyanzi na madoa yalipungua karibu sawa, na waliopaka retinoli ndio waliolalamika zaidi kubanduka na kuchomwa. Kwa mteja ambaye ngozi yake hukasirika haraka, namwambia jaribu. Lakini watu 44 si wengi, na retinoli ina miongo ya utafiti nyuma yake. Mjamzito simpi yoyote kati ya hizo mbili. Aende kwa daktari aulizie asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya madoa.

Rozimari ndiyo inayonichosha. Utafiti unaonukuliwa kila mahali ni wa mwaka 2015: watu 100 wenye upara wa kurithi, nusu rozimari, nusu minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2. Miezi 3 ikapita bila mabadiliko ya maana, mwezi wa 6 nywele zikaongezeka kwa makundi yote mawili. Vizuri. Ila hapakuwa na kundi lililopaka mafuta yasiyo na dawa ili tulinganishe, na minoksidili ya asilimia 2 ni ile dhaifu. Tena huo ni upara wa kurithi! Wengi wanaonijia wamenyonyoka pembeni mwa paji la uso kwa sababu ya kusukwa kwa kubana. Huyo hata umwogeshe kwa rozimari, bila kulegeza misuko unapoteza chupa. Na kama lazima uyatumie mafuta yake makali, yazimue: matone 2 kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kawaida. Mteja wangu mmoja aliyamimina hivi hivi, akaja na ngozi ya kichwa imevimba kama ameumwa na nyuki.

Seramaidi sina ugomvi nazo. Ni mafuta ambayo ngozi hujitengenezea yenyewe ili maji yasitoroke. Ngozi kavu nunua, lala salama. DNA ya samoni nimeiacha dukani kwanza, maana ushahidi wake mwingi ni wa sindano na vidonda, si wa krimu ya kupaka juu.

Sasa kosa langu mwenyewe. Niliwahi kununua vitatu kwa mpigo, asidi ya glikoliki (ile inayobandua ngozi iliyokufa), retinoli na vitamini C, nikavianza wiki moja. Siku ya tano mashavu yalikuwa yanawaka hata kwa maji ya bomba, na sikuwa na njia ya kujua nani mchokozi. Tangu hapo naanza kimoja kimoja. Siku 7 za mwanzo napaka kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, sehemu ileile. Kukiwa kimya, ndipo uso. Kisha naandika tarehe kwenye daftari na kutulia: madoa nayapa wiki 8 hadi 12, nywele miezi 6, kwa kuwa unywele hurefuka takriban sentimita 1 tu kwa mwezi. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia mng'ao wa silikoni.

Krimu ya kung'arisha isiyo na orodha ya viambato kabisa irudishe rafuni bila mjadala. Zebaki imekutwa mara nyingi kwenye krimu za namna hiyo, na huharibu figo.

Na tarehe uliyoifungua iandike chini ya chupa kwa kalamu ya wino usiofutika. Kuna kapicha ka kopo lililo wazi lenye 6M au 12M, ndiyo miezi ya kutumia baada ya kufungua. Vitamini C haisubiri hata hiyo: ikigeuka rangi ya chai ya rangi, mwaga.