Somo: Vipeo (namba ndogo za juu, kama 3 katika 2³), kuanzia kanuni hadi milinganyo (soma lote kabla hujauliza)

Naandika mara moja ili niwe naelekeza watu hapa. Kwa wanaouliza: 2³ + 2⁴ si 2⁷. Ni 8 + 16, yaani 24. 2⁷ ni 128. Kanuni za vipeo ni za kuzidisha na kugawanya, msingi (namba ya chini) ukiwa uleule.

1. Kuzidisha: jumlisha vipeo. 3² × 3⁵ = 3⁷.

2. Kugawanya: toa. 5⁶ ÷ 5⁴ = 5².

3. Kipeo juu ya kipeo: zidisha. (2³)⁴ = 2¹².

4. Kipeo hasi. Tulia hapa, maana ndipo wengi wanapopoteza alama. 2⁻³ si −8. Anza na 2² = 4, halafu 2¹ = 2: kila kipeo kikipungua moja, umegawanya kwa 2. Endelea hivyohivyo: 2⁰ = 1, 2⁻¹ = 1/2, 2⁻² = 1/4, 2⁻³ = 1/8. Hakuna mahali namba imekuwa hasi.
Angalia pia: −2⁴ ni −16, lakini (−2)⁴ ni 16. Na 3x⁻² ni 3/x², si 1/(3x²). Kipeo kimeshika x peke yake, 3 hakiihusu.

5. Mlinganyo: fanya misingi ifanane, kisha linganisha vipeo. 4 ni 2² na 8 ni 2³, kwa hiyo 4ˣ⁺¹ = 8ˣ⁻¹ inakuwa 2²ˣ⁺² = 2³ˣ⁻³, hivyo x = 5. Msingi uwe chanya na usiwe 1, kwani 1³ = 1⁸ ilhali 3 si 8.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo 2³ + 2⁴ tunajumlisha vipeo?
Rudi aya ya kwanza.

— Namba 5 mimi nimepata 7. Rekebisha.
4⁶ = 4096, 8⁴ = 4096. Jibu ni 5. Weka hatua zako tuone ulipopotelea.

— Samahani mkuu, 2ˣ⁺¹ + 2ˣ = 24 inakokotolewaje, kama kujumlisha hakuna kanuni?
Swali zuri sana. Irudishe kanuni ya 1 kinyumenyume: 2ˣ⁺¹ ni 2 × 2ˣ. Sasa una 2ˣ mbili, ongeza moja, zimekuwa tatu. 3 × 2ˣ = 24, 2ˣ = 8, x = 3. Ukishaielewa hiyo, jaribu 4ˣ − 6 × 2ˣ + 8 = 0. Andika y badala ya 2ˣ (4ˣ ni 2ˣ mara 2ˣ, yaani y²), upate y² − 6y + 8 = 0; y ni 2 au 4, basi x ni 1 au 2.

— Na 2ˣ = 5?
Hapo tumia logi (kitufe cha log kwenye kikokotoo): log 5 ÷ log 2, karibu 2.32.

— Nyongeza kwa wenye vipeo vya sehemu: 8 kwa kipeo 2/3, tafuta kipeuo cha tatu kwanza (2, kwani 2 × 2 × 2 = 8), ndipo upige mraba (4).
Naam. Ukianza na mraba utafika palepale, ila utakuwa unatafuta kipeuo cha tatu cha namba 64.