Kuokota taka njia ya Marangu, Kilimanjaro: hatua kwa hatua

Kikundi cha vijana wa Moshi kiliniomba nikisaidie kupanga safari ya kuokota taka mlimani. Waliniuliza maswali mengi, na mengine yalihitaji majibu marefu kuliko ya kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikayaandika. Mimi ni mwongozaji. Hapa sifundishi kupanda mlima, wala nguo za kuvaa, wala namna ya kupata kampuni. Nachukulia kwamba mwongozaji mwenye leseni unaye (bila yeye hupiti getini), ada za hifadhi zimelipwa, KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro) wameambiwa mnakwenda kufanya nini, na wenzako wanaijua baridi.

Hatua ya 1: Chagua njia utakayorudi nayo

Wengi wanaanza kwa kutaja Machame, kwa kuwa ndiko wageni wanakopita kwa wingi. Kwa kazi hii, Machame achana nayo. Ukipanda Machame unashukia Mweka, maana yake kila ulichookota msituni siku ya kwanza unapanda nacho hadi kambi ya Shira, unapita nacho Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, unakishusha Barranco, unakipandisha tena kwenye ukuta wa mwamba kwenda Karanga, ndipo uanze kutafuta njia ya kuteremka. Hakuna mgongo unaostahili adhabu hiyo kwa ajili ya chupa ya mtu mwingine.

Marangu unapanda na kushuka njia ile ile: getini, kisha vituo vya kulala vya Mandara (mita 2,700 hivi), Horombo (3,720), Kibo (4,700 hivi). Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ukipanda unatazama, ukishuka unaokota. Wakati wa kupanda mtu mmoja ashike daftari na aandike taka zilipo kwa majina ya mahali, si kwa namba za GPS. "Kisambioni, nyuma ya meza, makopo." "Baada ya daraja, kushoto, chupa imevunjika." Inatosha.

Kanuni ina ruhusa mbili. Kitu chepesi ambacho upepo utakipeperusha kabla hujarudi, kiokote papo hapo ukitie mfukoni. Na kioo kilichovunjika njiani, vilevile.

Ratiba ninayoipendekeza ni siku tano: getini hadi Mandara, Mandara hadi Horombo, siku ya tatu kupanda kutoka Horombo hadi Jiwe la Ukoyo (pale watu wanapokula lanchi kwenye njia ya Kibo) na kurudi Horombo, siku ya nne kushuka Mandara, ya tano kutoka nje. Kileleni hamwendi. Najua hili linawauma watu, na kila kikundi kina mmoja anayesema "lakini tumefika hadi hapa". Mtu aliyetoka Uhuru asubuhi hana nguvu ya kuinama mara mia mbili mchana wake. Mkitaka kilele, rudini mwezi mwingine mkiwa na safari ya kilele.

Hatua ya 2: Vifaa

Viroba vitupu vya unga, vile vya kilo 25, vilivyofumwa. Usilete mifuko mepesi ya plastiki: nchini ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ingeruhusiwa, ingechanika kwenye tawi la kwanza. Kiroba hupumua, hukauka, na mgumu (ndivyo tunavyowaita wapagazi wa mlimani) anajua kukibeba kichwani au begani bila kufundishwa.

Makoleo marefu ya chuma, yale ya wachoma nyama. Pale soko la Mbuyuni utayapata kwa bei ya kawaida. Kuna vifaa vya kuokotea vya plastiki vyenye kifyatulio, wageni huja navyo. Mimi sivitaki. Kwenye baridi ya Horombo kamba yake ya ndani inakakamaa, na kikivunjika umeongeza taka mlimani.

Ndoo mbili za rangi zenye mfuniko unaobana, ziwe zimeoshwa. Mwiko mdogo wa fundi mwashi. Glovu za mpira za kuoshea vyombo, za saizi kubwa ili chini yake zikae glovu za sufu. Mizani ya kuning'iniza. Sabuni ya kipande. Kamba.

Hatua ya 3: Mpange mgumu wa taka kabla hujaondoka Moshi

Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na getini hupimwa. Tatizo ni kwamba taka hupimwa mkishuka, wakati ambapo kila mtu anataka kufika nyumbani, na ndipo utasikia "wagawieni wagumu, chakula si kimekwisha?" Chakula kimekwisha kweli, ila mahema, gesi, sufuria na mabegi yenu hayajaisha. Kuokota taka kisha kumtwisha mtu mwingine bila malipo si usafi.

Ajiri wagumu wawili wa ziada ambao kazi yao ni taka tu, walipwe siku zote tano, kwa kiwango kilekile cha wenzao. Wapande na viroba vitupu na chakula chao, nao waokote. Wanajua vificho kuliko mimi na wewe. Kama bajeti haiwatoshi wagumu wawili, punguza watu wa kikundi, usipunguze wagumu.

Hatua ya 4: Tishu za juu ya Horombo

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo vikundi hupoteza nusu siku na kurudi na ndoo yenye kilo mbili.

Ukivuka maji ya mwisho ukaingia kwenye tandiko, ule uwanda kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, miti imekwisha. Kuna mawe, udongo na upepo. Mtu akibanwa anakwenda nyuma ya jiwe kubwa la kwanza analoliona kutoka njiani, na kwa kuwa wote wanatoka njia moja, jiwe ni lile lile. Anaacha tishu. Kule juu ni kukavu na kuna baridi, kitu hakiozi kama kinavyooza msituni. Karatasi ya msimu uliopita unaikuta ina rangi tu iliyopauka. Na zile tishu za maji za kufutia watoto, ambazo wageni hupewa ushauri wa kuja nazo, hazina mpango wa kuoza kabisa, kwa sababu nyingi zina nyuzi za plastiki.

Jambo la kwanza ni saa. Usiku udongo unaganda. Ukianza saa moja asubuhi, tishu imeshikwa na barafu. Ukiivuta inachanika, nusu inabaki ardhini, na sasa una vipande kumi badala ya kimoja. Jua likishapiga kwa muda wa saa moja au mbili, barafu inaachia. Kati ya saa tatu na saa sita ndio muda wako. Baada ya hapo mawingu hupanda kutoka chini, upepo unakuja, na kila unachokiinua kinataka kuruka. Ndiyo maana mnaondoka Horombo alfajiri mkitembea tu, bila kuokota, mnafika juu mnakunywa chai, kisha mnaanza kazi mkiwa mmeelekea chini. Siku yenye mawingu tangu asubuhi jua halitakusaidia. Tumia mwiko: ingiza bapa chini ya karatasi, inua pamoja na udongo kiasi cha kijiko, kung'uta taratibu.

La pili ni upepo. Msimame upande unakotoka upepo, mwenye ndoo awe upande unakoelekea, mfuniko ukiwa mkononi mwake, afunike kila baada ya kipande. Inaonekana ni uchelewefu. Jaribu kufukuza tishu iliyotumika katika mita 4,000, utakubaliana nami.

La tatu, vijia. Usitawanye watu kama wanaovuna maharage. Mimea midogo ya kule juu hukua polepole mno, na nyayo hubaki. Nenda kwenye jiwe kwa kijia ambacho tayari kimekanyagwa, watu wawili tu, mmoja makoleo, mmoja ndoo. Wengine wabaki njiani. Karatasi iliyo mbali peke yake kwenye mimea, ambapo hakuna kijia, iache. Ndiyo, iache. Wapo watakaonuna.

La nne, mawe yaliyowekwa juu. Wengine huona haya, wanafunika kwa jiwe dogo. Jiwe la ukubwa wa ngumi likikaa juu ya jingine bila sababu, geuza kwa makoleo, kamwe si kwa mkono. Ukikuta kinyesi, toa karatasi tu, rudisha jiwe. Hamkuja na vifaa vya kubeba kinyesi, na kukikoroga ni kukisambaza.

La tano, uzito. Tishu kavu haina uzito wa kutaja. Iliyolowa barafu iliyoyeyuka inanywa maji, na ndoo uliyoidhania nyepesi inakuwa ya kilo nane. Usiikamue. Nasema tena, usiikamue, hata kama una glovu. Iache iwe nzito, panga mzigo upya.

La sita, kichwa chako. Kuinama na kuinuka kwenye urefu ule huleta kizunguzungu hata kwa sisi tunaokwenda kila wiki. Chuchumaa, usiiname kutoka kiunoni. Badilishaneni kila nusu saa. Mtu akianza kuumwa kichwa kisichotulia, kutapika au kuyumba, kazi ya taka imekwisha kwake, anashushwa. Na hii ndiyo sababu nawarudisha watu Jiwe la Ukoyo badala ya kuwapeleka Kibo: wamelala usiku mmoja tu Horombo, na taka zenyewe zimejaa pale watu wanapokaa kula lanchi boksi, si kwenye ule mteremko wa mwisho.

La saba, mikono. Vitakasa mikono vya alkoholi haviviwezi baadhi ya virusi vya tumbo. Maji na sabuni, kabla ya kula chochote, hata pipi. Beba lita mbili za kunawia tu, na yule wa ndoo asiguse chakula cha mwenzake hadi mrudi Horombo.

Hatua ya 5: Usiku wa Horombo

Ndoo za tishu zikae mbali na jiko, mfuniko umebanwa na jiwe juu. Viroba vifungwe kwa kamba na kuning'inizwa au kuingizwa ndani. Kunguru wa Horombo, wale wakubwa wenye shingo nyeupe nyuma, wanafungua zipu. Kiroba kilichoachwa nje ni karamu yao, na asubuhi mtaokota taka zilezile mara ya pili. Panya wenye mistari huja usiku kumalizia.

Tenganisha hapo hapo mkiwa na mwanga: makopo na chupa kiroba kimoja, plastiki laini na maganda ya pipi kingine, betri kwenye kopo lake. Vile vipira vya ncha za fimbo za kutembelea, vikiwa bado vizima, wape wagumu. Pima kila kiroba, andika uzito juu yake. Kisizidi kilo 15. Mtu ana vitu vyake pia.

Usichome chochote. Najua mpishi atasema karatasi ni kidogo tu. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, pale watu wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo, na mlima uliungua kwa siku nyingi.

Hatua ya 6: Kushuka

Fuata daftari. Msituni ni rahisi: vipisi vya sigara kuzunguka magogo ya kukalia, mirija ya juisi, maganda ya mayai. Chini ya Mandara wagumu wana njia yao tofauti na ya wageni. Gawanyikeni, la sivyo mtasafisha njia ya picha tu. Maganda ya ndizi na machungwa nayo okota, usibishane na anayesema yataoza.

Hatua ya 7: Getini

Taka za kundi lenu wenyewe, yaani za jikoni kwenu, hupimwa mkitoka. Hizo ziwe kwenye kiroba tofauti tangu siku ya kwanza, kimeandikwa. Mkizichanganya na mlizookota, hesabu ya kundi haieleweki, na mwongozaji wenu ndiye atakayesimama dirishani akijieleza wakati ninyi mko kwenye basi.

Mlizookota, waulizeni askari wa zamu zinakwenda wapi kabla ya kuziweka chini. Ndoo za tishu muwaambie wazi zina nini. Makopo mnaweza kushuka nayo Moshi kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Walipeni wagumu hapo hapo, mbele ya wenzao, kila mmoja mkononi mwake. Makoleo, mwiko na ndoo zioshwe kwa maji yenye klorini siku hiyo hiyo, zianikwe juani. Glovu za mpira tupa.