Jaribio la siki na soda kwa simu: mwanafunzi asiyeona apime mwenyewe

Mwanafunzi asiyeona akitumiwa video ya rangi inayobadilika, hajafanya jaribio, amesimuliwa tu. Mwalimu, kwa darasa la kemia linalosomea nyumbani kupitia kundi la simu, chagua jaribio ambalo mwisho wake unasikika.

Kila mmoja atafute siki ya asilimia 5, soda ya kuokea, bilauri, kijiko cha chai na bomba la sindano la mililita 10, jipya na bila sindano. Soda isomwe lebo kwanza. Baking poda ina asidi ndani yake tayari, hutoa povu hata kwa maji matupu, na hesabu yote huharibika. Magadi ya kulainishia maharage nayo hayafai, kwa sababu mchanganyiko wake hutofautiana fungu kwa fungu.

Bomba huandaliwa na mtu anayeona. Avute pistoni hadi mililita 5, kisha akate mkato mdogo kwa wembe kwenye shina lake, pale linapotokea mdomoni mwa bomba. Ukucha ukikutana na mkato huo ukingoni, kipimo kimetimia. Kosa la kawaida ni kuvuta hewa: ncha izame ndani kabisa ya siki.

1. Tia nusu kijiko cha soda, kisawazishwe kwa mgongo wa kisu.
2. Ongeza bomba moja la siki, lililovutwa hadi mkato, koroga, tega sikio kwa sekunde 20. Shika bilauri: inapoa.
3. Rudia ukihesabu, hadi bomba lisilotoa sauti. Hilo usilihesabu.
4. Hakikisha kwa chembe ya soda. Ikitoa povu, soda ya mwanzo ilikwisha.

Chombo kisifunikwe hata kidogo, maana gesi ikikosa njia hukipasua.

Nusu kijiko ni kama gramu 2.3, na mililita 5 za siki hii humaliza takriban gramu 0.35. Kwa hiyo tarajia mabomba 6 hadi 7. Anayepata 10 huenda hakusawazisha kijiko, au siki yake ni hafifu. Muulize asilimia iliyoandikwa kwenye chupa.

Kabla ya kuanza, kila mmoja akutumie wewe peke yako, si kundini, makisio yake: soda ikiwa maradufu, mabomba yatakuwa mangapi? Kundini, wa kwanza akishajibu, wengi humfuata. Wape saa 48, kwani wapo wanaosubiri bando au umeme. Kisha weka namba zote kundini, watafute wastani, na mwenye namba ya mbali aeleze alivyopima. Hapo ndipo mjadala huchangamka.

Maelekezo yaandike kama ujumbe wa kawaida. Picha ya ukurasa wa daftari, TalkBack (programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti) huenda isiisome sawasawa. Fomula ya asidi iliyo ndani ya siki iandikwe pia kwa maneno, "asidi ya ethanoiki", si CH3COOH pekee. Ujumbe wa sauti usizidi dakika 2, na maneno yake yote yaandikwe kwa ajili ya mwanafunzi kiziwi, ambaye yeye atatazama mapovu yakikoma.